UZI: Kanisa la All Souls, Washington – rais na makamu wake benchi moja, mchungaji aliyefukuzwa kwa kukemea utumwa, na kengele ya John Brown

#1 Kibwagizo
Wakuu, salaam.

Ule uzi wa Utatu Mtakatifu mods wameufunga kabla sijajibu. Kuna mdau alidai humo kwamba hapajawahi kuwa na Wakristo waliokataa Utatu isipokuwa Mashahidi wa Yehova. Sina nia ya kufufua ligi ile. Nataka tu kuwaletea habari za usharika mmoja wa Wayunitari ambao nimeufuatilia kwa muda, All Souls wa Washington, kwa sababu ndani ya historia yake kuna jambo ambalo naona linatuhusu hata sisi wenye maaskofu. Nitaandika kwa vipande, mvumilie.

Kwanza Wayunitari wenyewe. Chimbuko lao ni Matengenezo ya Kanisa huko Ulaya, karne ya 16. Walisoma Biblia wakahitimisha kwamba Mungu ni mmoja kwa maana ya mmoja, na Yesu ni mwalimu aliyetumwa naye. Waliliona joto la jiwe. Miguel Servet, tabibu Mhispania, alichomwa moto Geneva mwaka 1553, kwa mashitaka yaliyochochewa na Calvin, kiongozi wa Matengenezo mjini humo. Huko Transylvania, ambako leo ni Romania, mhubiri Ferenc Dávid alifanikiwa kumvuta mfalme wake, János Zsigmond, na mwaka 1568 bunge lililokaa Torda likaamua kwamba wahubiri wahubiri Injili kadiri wanavyoielewa, na usharika usilazimishwe kumpokea mhubiri usiyemtaka. Mfalme akafa, akaja mwingine, Dávid akatiwa ndani na kufia gerezani 1579. Lakini makanisa yake yapo hadi leo.

Marekani mambo yalianza taratibu zaidi. King's Chapel ya Boston ilikuwa ya Kianglikana. Mwaka 1785 wakachukua kitabu cha sala wakafuta kila palipotaja Utatu. Mwaka 1819 William Ellery Channing akahubiri Baltimore mahubiri marefu ya kueleza waziwazi Wayunitari wanaamini nini. Baltimore na Washington ni jirani. Miaka miwili baadaye Washington nao wakawa na usharika wao.

Naendelea jioni.

#2 Fundi Saa
Nimekaa pale na kahawa yangu. Shusha vitu mkuu.

#3 bint_shangani
Assalaam alaykum. Swali la haraka kaka Kibwagizo. Mungu mmoja, hana mshirika, Yesu ni mja aliyetumwa. Sasa hao wanangoja nini kutoa shahada? 😂

#4 Kibwagizo
Waalaykum salaam dada. Swali lako waliulizwa na wenzao miaka 450 iliyopita, tena si kwa utani. Transylvania wakati huo ilikuwa chini ya kivuli cha Sultani wa Istanbul, kwa hiyo maadui zao waliwaita Waturuki waliojificha. Na mmoja alikuja kwenu kweli: Adam Neuser, mchungaji wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeukataa Utatu, akatoroka, akaishia Istanbul na kusilimu. Alifia huko huko.

#5 Mzee wa Ulongoni
Hawa si ndio wale wa "Yesu Tu"? Tunao mtaani kwetu, hawabatizi kwa Baba, Mwana na Roho.

#6 Kibwagizo
Hapana mzee wangu, hao wamesimama ng'ambo ya pili. Wa "Yesu Tu" wanasema Mungu ni mmoja na huyo mmoja ni Yesu. Wayunitari wanasema Mungu ni mmoja na Yesu siye. Wote wawili hawautaki Utatu, ila ukiwaweka chumba kimoja hawatamaliza chai.

Tuendelee.

KIPANDE CHA PILI: WAANZILISHI

Mwaka ni 1821. Jengo la bunge lililochomwa na Waingereza 1814 bado linamaliziwa. Msanifu anayelimalizia ni Charles Bulfinch kutoka Boston, naye ni Myunitari, kwa hiyo usharika mpya ulipotaka kanisa haukuhangaika kutafuta mchoraji. Mchungaji wa kwanza alikuwa Mwingereza, Robert Little. Walikuwepo pia Joseph Gales na William Seaton, wenye gazeti la National Intelligencer, wakubwa wa habari wa mji ule. Seaton baadaye akawa meya.

Sasa shikeni viti. Kwenye orodha ya waanzilishi kuna John Quincy Adams, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, na John C. Calhoun, Waziri wa Vita. Mwaka 1825 Adams akawa rais na Calhoun makamu wake. Yaani rais na makamu wa rais wanatoka kwenye kakanisa kamoja kachanga, ka watu wachache, ambako makanisa mengine ya mji yalikaona ka kizushi.

Adams alipotoka ikulu aligombea ubunge (sijui nani wetu angekubali kushuka hivyo) na akatumia uzee wake wote kupigana na kanuni iliyozuia bunge kusikiliza maombi ya kupinga utumwa. Kanuni hiyo ilifutwa 1844. Mwaka 1841 alisimama Mahakama Kuu kuwatetea Waafrika wa meli ya Amistad na akashinda. Alianguka ukumbini bungeni Februari 1848 na kufariki siku mbili baadaye.

Calhoun naye? Mwaka 1837 alisimama Seneti akasema utumwa si uovu wa kuvumiliwa, ni jambo jema kabisa. Ndiye aliyewapa mabwana wa Kusini hoja walizokuja kupigania vita.

Usharika mmoja, mimbari moja. Wote wawili wanakubaliana kwamba Mungu ni mmoja. Kuhusu mtu aliyefungwa minyororo sokoni mtaa wa pili, hawakubaliani hata kidogo. Na mji ule ulikuwa na masoko ya watumwa mpaka 1850, utumwa wenyewe ukaisha 1862.

#7 Mkamba Halisi
Kwani mchungaji alikuwa anahubiri nini hizo Jumapili? Huwezi kugusa siasa ukiwa na hao wawili mbele yako.

#8 Kibwagizo
Mkuu Mkamba, umegonga penyewe. Njia rahisi ilikuwa kuhubiri tabia njema, elimu, akili na upendo wa Mungu. Wayunitari wa enzi ile walikuwa hodari sana wa mahubiri ya aina hiyo. Nani atagombana na tabia njema?

KIPANDE CHA TATU: MONCURE CONWAY

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Conway alizaliwa Virginia, kwenye familia yenye watumwa. Alianza kama mhubiri Mmethodisti kijana, akabadilika, akaenda kusoma uchungaji Harvard, akarudi Kusini akiwa Myunitari na mpinga utumwa. Usharika wa Washington ukampokea akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Nadhani walijiambia: huyu ni mtoto wa Virginia, anajua mipaka.

Hakujua, au alijua akaivuka. Mwaka 1856 nchi ilikuwa inachemka. Mwezi Mei mbunge wa South Carolina aliingia Seneti akampiga Seneta Charles Sumner kwa fimbo hadi akazimia, kwa sababu ya hotuba yake dhidi ya utumwa. Conway hakuweza kukaa kimya kwenye mimbari. Akahubiri dhidi ya utumwa, akarudia. Wazee wakamshauri apunguze. Hakupunguza. Mwaka huo huo waumini wakapiga kura na kumwondoa.

Angalieni waliomwondoa. Hapakuwa na askofu wala sinodi, na serikali haikuhusika. Kanisa hili halina Kanuni ya Imani ya kumhukumia mtu, kwa hiyo hata shitaka la uzushi halikuwezekana. Aliyemwondoa ni mshirika wa kawaida aliyekaa benchi la tatu, kwa kura halali, kwenye kanisa linalojiita huru.

Mwenyewe alienda Cincinnati. Vita vilipoanza, watu waliotoroka kutoka kwa baba yake mzazi aliwachukua na kuwasindikiza hadi Yellow Springs, Ohio, mwaka 1862, wakaanza maisha huko. Baadaye akahamia London na kuhudumu South Place Chapel kwa miaka mingi. Ukumbi wa Conway Hall pale London una jina lake.

#9 Mzee wa Baraza
Nimesoma kwa makini kwa sababu nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, usharika sitautaja. Watu wakisikia "kanisa halina askofu" wanafikiri mchungaji anapumua. Kinyume chake. Kwetu mchungaji akigombana na matajiri wa usharika, askofu anamhamisha, anaenda kuanza upya na mshahara wake. Ni aibu ila ana mlango wa kutokea. Mchungaji wa kuajiriwa na waumini wenyewe, siku mtoa sadaka kubwa akinuna, ndiyo imetoka hiyo.

#10 Fundi Saa
@Mzee wa Baraza lakini huyo huyo askofu akinuna je?

#11 Mzee wa Baraza
Ndiyo maana nimesema ni aibu.

#12 Kibwagizo
Ahsante mzee, umenisaidia kazi. Na ongeza hili: makanisa mengi ya Marekani wakati ule yalijiendesha kwa kuuza au kukodisha mabenchi. Mwenye benchi zuri mbele ndiye mwenye sauti kikaoni. Mimbari huru ilikuwa huru kadiri ya uvumilivu wa wenye mabenchi. Hoja yangu ya uzi mzima ni hiyo hapo, wengine msiopenda kusoma mpaka chini mnaweza kuondoka nayo: kufuta kanuni ya imani hakumalizi suala la nani anamziba mhubiri mdomo, kunahamisha tu ufunguo.

KIPANDE CHA NNE: KENGELE

Mnara wa lile kanisa la Bulfinch uliwekwa kengele iliyotengenezwa 1822 na kiwanda cha Joseph Revere, mtoto wa yule Paul Revere wa vita vya uhuru wao. Ilikuwa kengele nzuri kiasi kwamba mji nao uliitumia kwa shughuli zake.

Tarehe 2 Desemba 1859 John Brown alinyongwa Charles Town, Virginia, baada ya kuvamia ghala la silaha la Harpers Ferry akitaka kuwapa watumwa bunduki. Washington ulikuwa mji wa Kusini kwa tabia. Siku hiyo kengele ya Wayunitari ikapigwa kwa maombolezo. Mji ukaisusa. Tangu hapo wakaiita kengele ya wakomeshaji utumwa.

Miaka mitatu tu kabla, watu hawa hawa walimfukuza Conway kwa maneno. Sasa wanamlilia hadharani mtu aliyeshika bunduki. Sehemu ya jibu ni kwamba waliochukizwa walikuwa wanaondoka kidogokidogo, na nchi yenyewe ilikuwa inapasuka. Usharika haubadiliki moyo kwa usiku mmoja. Mara nyingi wanaobadilika ni watu waliomo.

Vita vilipofika, mchungaji alikuwa William Henry Channing, mpwa wa yule Channing wa Baltimore. Kanisa likatolewa kuwa hospitali ya majeruhi. Channing mwenyewe akawa kasisi wa Baraza la Wawakilishi.

#13 bint_shangani
Hii ya kengele imenigusa. Bado ipo?

#14 Kibwagizo
Ipo dada, wamehama nayo. Jina All Souls, yaani Roho Zote, walilichukua 1877 walipojenga jengo la pili. La tatu, lililopo sasa kona ya barabara ya 16 na Harvard, lilifunguliwa 1924, nalo limeigwa kutoka St Martin-in-the-Fields ya London. Kengele iko mnarani.

Katikati hapo sina mengi. Kuna William Howard Taft, rais 1909 hadi 1913 kisha Jaji Mkuu, aliyekuwa muumini wa hapo. Kabla ya hapo walitaka kumpa urais wa chuo cha Yale akakataa, sababu mojawapo ikiwa kwamba haamini uungu wa Kristo na hakutaka kuwakwaza watu. Kwenye kampeni ya 1908 wapinzani walimpigia kelele hiyo. Akashinda hata hivyo. Mazishi yake 1930 yalifanyika All Souls. Basi, twende kwa Davies.

KIPANDE CHA TANO: KEKI NA PENSELI

A. Powell Davies alizaliwa Birkenhead, Uingereza, wazazi wa Wales. Naye alianza Umethodisti (naona Wamethodisti ndio walikuwa wanazalisha wachungaji wa kanisa hili), akahamia Marekani, akajiunga na Wayunitari, akafika All Souls 1944. Alikuwa mhubiri wa kujaza kanisa. Watu wa vitongoji vya Virginia na Maryland walipozidi, walianzisha sharika huko huko na kusikiliza mahubiri yake kwa waya wa simu yakiwa yanatolewa mjini. Sharika kadhaa za maeneo yale zilizaliwa hivyo.

Novemba 1946 gazeti la Washington Post lilichapa picha ya sherehe ya wanamaji. Admirali Blandy, aliyesimamia majaribio ya mabomu ya atomiki kule visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki, anakata keki pamoja na mkewe. Keki imetengenezwa kwa umbo la lile wingu la uyoga. Wanatabasamu. Hiroshima imepita mwaka mmoja na miezi mitatu.

Davies akapanda mimbarini Jumapili iliyofuata na ile picha. Alisema ni chukizo tupu, na akauliza watu wa mataifa mengine wataifikiriaje Marekani wakiiona. Habari zikavuka bahari. Afisa mmoja wa Kimarekani aliyekuwa Japani kwenye mambo ya elimu, Howard Bell, akamwandikia: shule za Hiroshima watoto wanasoma bila karatasi wala penseli. Watoto wa All Souls wakaanza kukusanya. Penseli, karatasi, rangi, gundi, karibu nusu tani ya vifaa. Vikapelekwa Hiroshima, na miongoni mwa waliopokea ni shule ya msingi ya Honkawa, iliyokuwa karibu mita 400 kutoka pale bomu lilipolipukia juu.

Watoto wa Honkawa wakajibu kwa rangi zile zile walizotumiwa. Mwaka 1948 michoro yao ikafika Washington. Ukitarajia majivu na maiti, hayamo. Wamechora maua ya mcheri, watoto wakicheza, nyumba, bendera. Michoro ilikaa kwenye boksi kanisani kwa miongo mingi kabla ya kufanyiwa ukarabati, na mwaka 2010 ikarudishwa Hiroshima kwa maonyesho, na baadhi ya wachoraji, sasa wazee, wakaiona tena kazi yao.

#15 Mkamba Halisi
Hii ni kubwa. Lakini niruhusu nitie chumvi. Watoto wa Hiroshima wakapata penseli. Mtoto mweusi wa mtaa huo huo wa kanisa je? Washington ya 1947 si ilikuwa ya ubaguzi?

#16 Kibwagizo
Ilikuwa, na swali lako wao wenyewe walilazimika kulijibu. Davies alitangaza 1953 kwamba hatakula kwenye mgahawa wowote unaowakataa watu weusi, akawataka waumini wafanye hivyo. Kazi yenyewe kubwa ilikuwa ya bibi Mary Church Terrell, mwanamke mweusi aliyekuwa na miaka karibu 90, aliyepeleka kesi ya mgahawa wa Thompson hadi Mahakama Kuu na kushinda Juni 1953. Tusimpe mchungaji sifa za bibi.

Lakini kuna la nyumbani kwao. Klabu ya vijana ya polisi ilikuwa inatumia ukumbi wa kanisa kwa michezo, na ilikuwa ya watoto weupe peke yao. Mwaka 1954 usharika ukaiambia: ama mchanganye, ama mtoke. Klabu ikatoka. Usharika ukaanzisha klabu yake, ya watoto wa rangi zote. Davies akafariki ghafla 1957.

KIPANDE CHA SITA: JAMES REEB

Msaidizi wa mchungaji kuanzia 1959 alikuwa James Reeb, mzaliwa wa Kansas, zamani Mpresbiteri. Alifanya kazi mtaani zaidi kuliko madhabahuni. Mwaka 1964 akaondoka na familia yake kwenda Boston kushughulikia makazi ya watu maskini, akakaa na familia mtaa wa watu hao hao.

Machi 1965, baada ya polisi kuwapiga waandamanaji darajani Selma, Alabama, Martin Luther King alituma wito kwa viongozi wa dini waje. Reeb akaenda. Jioni ya tarehe 9 yeye na Wayunitari wenzake wawili, Clark Olsen na Orloff Miller, walikula kwenye mgahawa wa watu weusi. Walipotoka, wazungu wakawavamia, mmoja akampiga Reeb kichwani kwa rungu. Alifariki tarehe 11, ana miaka 38, mke na watoto wanne. Rais Johnson alimtaja bungeni siku nne baadaye alipokuwa anaomba sheria ya haki ya kupiga kura. King akahubiri kwenye ibada ya kumkumbuka. Washitakiwa watatu wakaachiwa na baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, Desemba mwaka huo.

Kabla ya wewe Mkamba kuuliza, naliweka mwenyewe: wiki chache kabla, Jimmie Lee Jackson, kijana mweusi, alipigwa risasi na askari wa jimbo huko huko Alabama akafa. Rais hakumpigia simu mama yake, na magazeti hayakulia hivyo. Watu weusi wa harakati waliliona na walilisema wakati ule ule.

#17 Mkamba Halisi
😂 Umeniwahi. Endelea.

#18 Kibwagizo
Cha mwisho kwa upande wangu ni David Eaton. Mwaka 1968 Washington uliungua baada ya King kuuawa, na barabara ya 14, hatua chache kutoka kanisani, ndiyo iliyoumia sana. Weupe wengi walishahamia vitongojini. Mwaka 1969 usharika ulipiga kura kumwita Eaton, mzaliwa wa Washington, mtu mweusi, wa kwanza kuwa mchungaji mkuu hapo. Alikuwa mkali wa maneno kuhusu serikali, polisi, makazi. Waumini kadhaa wa zamani wakaondoka. Wengine wengi, weusi na weupe, wakaja kwa sababu yake. Alikaa hadi 1992.

Linganisheni na Conway. Mhubiri anasema yasiyopendwa, na waliokasirika wana kura ile ile waliyokuwa nayo 1856. Safari hii wenye hasira ndio waliotoka, na mchungaji akabaki miaka zaidi ya 20.

#19 Mwana wa Msamaria
Kwa heshima zote mkuu. Nimesoma yote. Nimeona siasa, migahawa, klabu za mpira, kengele. Wokovu sijauona. Hilo ni kanisa au NGO?

#20 Kibwagizo
Swali halali, na Wayunitari wenyewe hulipigania ndani. Tangu 1961 walipoungana na Wauniversali, wale wasemao hakuna atakayechomwa milele, wamepanuka hadi wanaingiza watu wasioamini Mungu kabisa. Channing wa 1819 angeingia leo asubuhi angetafuta Biblia aisome kwa sauti. Mimi si muumini wao. Nikisoma mahubiri yao ya siku hizi naona mengi yamepwaya. Ila siwezi kusema mtu aliyekufa Selma hakuwa na imani.

#21 Mwana wa Msamaria
Kufa kwa ajili ya wengine nakubali ni neno kubwa. Lakini tutabaki hatuelewani kwenye msingi.

#22 Kibwagizo
Haina shida, hata Adams na Calhoun walibaki.

#23 Mtoto wa Buyenzi
Habari zenu wandugu, niko mbali kidogo na intaneti ya kwetu mnaijua. Mnaongea Wayunitari kama watu wa Marekani tu. Bujumbura wapo. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanzilishi ni Fulgence Ndagijimana, aliyekuwa kwenye shirika la Wadominika la Wakatoliki kabla ya kuacha. Walijenga na kanisa lao. Mwaka 2015 kwenye ile misukosuko ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza alikamatwa, baadaye akaachiwa, akakimbia nchi, akaenda Canada. Wengi wa usharika walitawanyika. Kwetu mtu kusema Mungu ni mmoja hakumsumbui yeyote, Waislamu wa Buyenzi tunasema kila siku. Kinachosumbua ni kundi dogo lenye marafiki ng'ambo na lisilo na mkubwa wa kupigiwa simu.

#24 Mzee wa Baraza
Hapo sasa ndipo askofu anapofaa. Askofu akikamatwa au padri wake akikamatwa, kuna mtu Roma au Geneva anapiga simu ikulu. Usharika wa watu sabini unaojitawala, nani atapiga?

#25 Mtoto wa Buyenzi
Mzee, wenzao wa ng'ambo walipiga kelele, waliandika barua, na inasemwa ilisaidia. Lakini hoja yako naikubali nusu. Kenya na Uganda nao wana sharika kama hizo na hawana askofu.

#26 bint_shangani
Kaka Kibwagizo, kwenye All Souls ya sasa mchungaji anapatikanaje? Bado kura?

#27 Kibwagizo
Bado kura, dada. Kamati ya waumini inatafuta, inamleta mtu anahubiri mbele yao, kisha mkutano mkuu wa usharika unapiga kura. Na mkutano huo huo una uwezo wa kumwondoa. Utaratibu ni ule ule uliomtoa Conway, hawajaubadilisha.